Gesi Chini ya Msitu wa Gunnison: Kuiachia, Kuichoma au Kuiuza

Katika bonde la North Fork, magharibi mwa jimbo la Colorado nchini Marekani, upo mgodi wa makaa ya mawe uitwao West Elk, jirani na kijiji cha Somerset, ambao njia zake za chini kwa chini zinapita ndani ya ardhi iliyobeba Msitu wa Taifa wa Gunnison. Juu kuna miti ya aspeni, mabwawa yaliyojengwa na wanyama waitwao biva na malisho ya kulungu wakubwa waitwao elki. Chini kuna makaa yaliyojaa gesi ya methani, na gesi hiyo haina budi kutolewa ili wachimbaji wasife. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma tathmini za mazingira na hukumu za mahakama zilizotokana na mgodi huu. Kinachonivutia ni kwamba swali la kiufundi linaloonekana dogo, yaani gesi iliyokwisha kutolewa mgodini ipelekwe wapi, limesukumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa zaidi ya miaka kumi, kila ofisi ikieleza kwa lugha ya staha kwamba wakati wake wa kulijibu haujafika au umekwisha kupita.

Nianze na jambo ambalo halina ubishi. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja inatosha kuilipua. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka mitambo ya umeme izimwe katika eneo la kazi gesi ikifikia asilimia 1, na watu waondolewe ikifikia asilimia 1.5. Kanuni hizo zimeandikwa kwa damu: watu 78 walikufa Farmington, West Virginia, mwezi Novemba 1968, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya ya usalama wa migodi ya makaa, watu 29 wakafa Upper Big Branch, katika jimbo hilohilo, tarehe 5 Aprili 2010. Wakazi wa North Fork hawahitaji kutafuta mifano huko mbali, kwa sababu ng'ambo ya milima yao, karibu na Redstone, mlipuko wa methani katika mgodi wa Dutch Creek No. 1 uliwaua wachimbaji 15 tarehe 15 Aprili 1981. Mtu anayeandika juu ya gesi ya migodini bila kuanza na hesabu hii hastahili kusikilizwa na mchimbaji yeyote, na sidhani kama atasikilizwa.

Hata hivyo, kuitoa gesi mgodini ni jambo moja na kuiachia angani ni jambo jingine. Usalama wa mchimbaji unadai la kwanza tu. La pili ni uamuzi wa kiuchumi na wa kisheria unaofanyika juu ya ardhi, baada ya gesi kuwa imekwisha kuondoka mahali ilipokuwa hatari kwake. Katika nyaraka nyingi nilizosoma, mambo haya mawili yamefungwa pamoja kwa sentensi moja inayosema kwamba visima vya gesi vinahitajika kwa ajili ya usalama, na msomaji asiye makini anamaliza ukurasa akiamini kwamba kuichafua anga nako kunahitajika kwa ajili ya usalama.

Ili kuelewa machaguo yaliyopo, ni lazima kuelewa jinsi uchimbaji wenyewe unavyofanyika. West Elk huchimba kwa mtindo wa ukuta mrefu: mashine yenye meno hupita huku na huku ikinyoa uso wa makaa wenye urefu wa mamia ya mita, huku safu ya nguzo za haidroli ikishikilia paa juu ya wafanyakazi. Mashine ikisogea mbele, nguzo nazo husogea, na paa lililoachwa nyuma huporomoka kwa makusudi. Kifusi hicho huacha nyufa zinazopanda juu na kushuka chini hadi kwenye matabaka mengine ya makaa na mawe, na gesi iliyokuwa imebanwa humo kwa mamilioni ya miaka hupata njia ya kutokea. Feni kubwa husukuma hewa ili kuizimua gesi hiyo, lakini feni zina kikomo chake, na makaa ya bonde lile yana tabia ya kujiwasha yenyewe yakipata oksijeni ya kutosha. Kwa hiyo kuongeza upepo ndani ya kifusi kwa lengo la kupunguza methani kunaweza kuleta moto. Mgodi jirani wa Elk Creek ulifungwa baada ya moto wa chini kwa chini uliotokea mwaka 2013. Mhandisi wa hewa mgodini anafanya kazi kati ya hatari hizo mbili kila siku, na ndiyo sababu visima vinachimbwa kutoka juu ya ardhi, mbele ya mashine, ili uso wa makaa ukishapita chini yake kila kisima kivute gesi moja kwa moja kutoka kwenye kifusi. Kisima kama hicho hutoa gesi nyingi kwa muda mfupi, kisha hudhoofika, na kingine mbele yake hushika zamu.

Hivyo mgodi mmoja una mikondo miwili ya gesi isiyofanana hata kidogo. Mkondo wa kwanza ni hewa inayotoka kwenye mashimo ya feni, nyingi mno kwa ujazo lakini yenye methani isiyofikia asilimia 1. Mkondo wa pili ni gesi ya visima, ambayo ni kidogo kwa ujazo lakini nzito kwa methani, japo huja imechanganyika na hewa kwa viwango vinavyobadilika kadiri kisima kinavyozeeka. Mjadala wa hadharani huchanganya mikondo hii, na kila upande hunufaika na mchanganyiko huo: anayetaka kuonyesha kwamba hakuna linalowezekana huzungumzia hewa ya feni, na anayetaka kuonyesha kwamba kila kitu ni rahisi huzungumzia gesi ya visima.

Kisha kuna msitu wenyewe. Kila kisima kinahitaji uwanja uliosawazishwa wa kuweka mtambo wa kuchimbia, na kila uwanja unahitaji barabara. Sehemu ya makaa ya West Elk iko chini ya Sunset, eneo la msitu ambalo halina barabara na linapakana na nyika iliyohifadhiwa ya West Elk Wilderness. Mwaka 2012 Idara ya Misitu ya Marekani iliiwekea Colorado kanuni maalumu ya kulinda takriban ekari milioni 4.2 za misitu isiyo na barabara, lakini kanuni hiyohiyo iliacha mlango wazi kwa ekari zipatazo 19,000 za bonde la North Fork, ambamo barabara za muda zingeruhusiwa kwa ajili ya makaa ya mawe, visima vya methani vikiwemo. Barabara ya muda katika mteremko wa aspeni hufungwa kwa amri ya karatasi, lakini mteremko wenyewe hubaki na kovu lake kwa miongo, magugu hupita palipopita matairi, na wanyama waliokuwa wakizalia pale hubadilisha njia. Msitu ni mali ya umma, makaa ni mali ya umma, na gesi pia ni mali ya umma. Isipokuwa vitu hivi vitatu vinasimamiwa na ofisi tofauti zenye mikataba tofauti.

Sasa machaguo. La kuachia gesi angani ndilo rahisi kuliko yote kwa mchimbaji, kwa kuwa halidai kitu chochote zaidi ya bomba na pampu ya kuvuta. Gharama yake huangukia kwingine. Kwa hesabu zinazotumiwa na wanasayansi wa tabianchi, tani moja ya methani huhifadhi joto sawa na takriban tani 28 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100, na zaidi ya tani 80 kwa kipimo cha miaka 20, kwa sababu methani haikai angani muda mrefu lakini hufanya kazi kubwa ikiwa huko. Tani hiyo hiyo ikichomwa hugeuka kuwa tani 2.75 za kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Yaani moto mtupu, usiozalisha hata wati moja ya umeme, unaondoa takriban sehemu tisa kati ya kumi za madhara hata kwa kipimo kile cha upole zaidi. Sijui hatua nyingine yoyote katika biashara ya makaa inayoleta nafuu kubwa hivyo kwa kifaa cha kawaida hivyo.

Pingamizi dhidi ya kuchoma ni mbili. Ya kwanza ni hofu ya moto kurudi kupitia bomba hadi mgodini, na hofu hiyo ni ya haki. Mamlaka ya Usalama na Afya Migodini, MSHA, inataka kila mfumo wa kuchoma uidhinishwe, na ina kila sababu ya kuwa na ukali. Lakini vifaa vya kuzuia moto kurudi nyuma, vali zinazojifunga na vipimo vya oksijeni kwenye bomba vinajulikana na vimetumika katika migodi ya Australia na Uingereza kwa miaka mingi. Pingamizi ya pili ni hatari ya moto wa msituni wakati wa kiangazi, na hapa nakubaliana zaidi na wenye shaka, kwa kuwa mwali ulio wazi katikati ya nyasi kavu za mwezi Agosti ni jambo ambalo mimi mwenyewe nisingeliidhinisha. Jibu la kweli ni kuchomea ndani ya mnara uliofungwa, mwali usionekane wala kutupa cheche, na kusafisha uwanja unaouzunguka. Hilo huongeza gharama na ukubwa wa uwanja, na kwa kuwa kisima kinaishi muda mfupi, mnara inabidi uwe wa kuhamishika.

Kuuza gesi ndilo chaguo linalopendeza masikioni mwa kila mtu, na ndilo gumu kuliko linavyosikika. Bomba la kibiashara linataka methani iliyo karibu safi, ilhali gesi ya kifusi imechanganyika na hewa na kiwango chake hakitabiriki. Lingelazimu kujenga mtambo wa kusafishia, na mabomba ya kukusanya gesi kutoka visima vilivyotawanyika mlimani, ambavyo vingi vitakuwa vimekufa kabla mkopo wa ujenzi haujalipwa. Huko Alabama, katika bonde la Black Warrior, migodi imekuwa ikiuza gesi yake tangu miaka ya 1980, lakini makaa ya kule ni tofauti na mtandao wa mabomba ulikuwepo. Colorado, Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, BLM, ilibadilisha mikataba ya West Elk mwezi Januari 2009 ili kampuni iruhusiwe kuikamata gesi iwapo ingeona inalipa. Kampuni ikafanya hesabu, ikaripoti kwamba hailipi, na mambo yakaishia hapo. Mwenye gesi alimwuliza mpangaji wake kama ingemfaa kuacha kuipoteza, na jibu la mpangaji likachukuliwa kuwa jibu la swali zima.

Kwa nini kuwe na haja ya kubadilisha mkataba? Kwa sababu sheria ya Marekani inatenganisha makaa na gesi iliyomo ndani yake. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi kati ya kampuni ya Amoco na kabila la Southern Ute la Colorado hiyohiyo, iliamua kwamba neno makaa katika sheria za 1909 na 1910 halikujumuisha gesi ya makaa. Kwa hiyo mwenye kibali cha makaa ana haki, kwa hakika ana wajibu, wa kuiondoa methani ili achimbe kwa usalama, lakini akitaka kuiuza anahitaji haki nyingine. Akiiuza, anadaiwa mrabaha. Akiiachia angani, hadaiwi senti. Mtu angekaa chini kwa makusudi kubuni utaratibu wa kuchochea uharibifu, asingepata mzuri kuliko huu.

Nasi huku tungelitazama jambo hilo kwa makini zaidi kuliko tunavyofanya. Tanzania ina makaa Ngaka, Kiwira na Mchuchuma, na Kenya inayo katika bonde la Mui, Kitui. Makaa ya Ngaka huchimbwa kwa shimo la wazi, lakini Kiwira ulikuwa mgodi wa chini kwa chini, na kila mpango wa kushuka tena chini ya ardhi utakutana na gesi. Tanzania nayo ina Sheria ya Madini ya 2010 na Sheria ya Petroli ya 2015, zenye mamlaka mbili tofauti, na ni afadhali mpaka kati yake uchorwe kabla ya mkataba kutiwa saini kuliko baada ya feni kuanza kuvuma. Wanyarwanda wametangulia kwa njia ya kipekee: methani ya Ziwa Kivu, ambayo ingelipuka pamoja na kaboni dioksidi ya ziwa hilo ingeangamiza watu wengi sana, ilianza kutumika kwa kiasi kidogo katika kiwanda cha bia cha Gisenyi mwaka 1963, na mtambo wa umeme wa KivuWatt wa megawati 26 ulizinduliwa rasmi mwaka 2016. Ziwa si mgodi, na gesi yake haitawanyiki katika visima vinavyokufa baada ya miezi michache, kwa hiyo nisingeutumia mfano huo kumwaibisha mchimbaji wa Somerset. Unaonyesha tu kwamba dola ikiamua kuwa gesi ni mali na pia ni hatari, mikataba huandikwa kwa kuzingatia yote mawili.

Chaguo la kati, yaani kuzalisha umeme palepale mgodini, lilijaribiwa mlangoni pa West Elk. Katika mgodi wa Elk Creek, kampuni ya Vessels Coal Gas ilifunga mitambo ya megawati 3 mwaka 2012, kwa fedha za Aspen Skiing Company, kampuni ya michezo ya theluji iliyotia zaidi ya dola milioni 5, na ushirika wa umeme wa Holy Cross Energy ukakubali kuununua umeme wake. Mgodi ulipofungwa mwaka uliofuata, mitambo haikuzimwa, kwa sababu mgodi uliofungwa huendelea kutoa gesi. Mwaka 2013 bunge la Colorado lilipitisha sheria iliyoihesabu methani ya migodini katika malengo ya umeme ya jimbo, na mwaka 2014 California ikaruhusu miradi ya aina hii kuuza vibali vya kaboni, yaani hati za uchafuzi uliopunguzwa, katika soko lake. Mradi wa Elk Creek unanifurahisha, lakini naona watu wanaubebesha mzigo mkubwa mno. Ulifaulu kwa sababu mwekezaji hakuwa akitafuta faida ya kawaida, na kwa sababu gesi ilipatikana mahali pamoja, bondeni, karibu na nyaya za umeme. Visima vya Sunset viko juu mlimani.

Hewa ya feni ina njia yake. Methani isiyofikia asilimia 1 haiwaki, lakini inaweza kuoksidishwa katika tanuri lenye vitanda vya kauri vilivyopashwa joto la takriban nyuzi 1,000, na tanuri likishaanza linaweza kujiendesha kwa joto la methani hiyohiyo hata ikiwa ni sehemu ndogo ya asilimia moja. Mgodi wa West Cliff huko Australia ulifunga mfumo kama huo mwaka 2007 ukazalisha megawati 6 za umeme. Uzuri wake kwa msitu ni kwamba unakaa mahali pamoja, kando ya shimo la feni ambalo tayari lina barabara. Ubaya wake ni bei, pamoja na ukweli kwamba tanuri moja humudu sehemu tu ya mto ule wa hewa.

Lipo pia chaguo ambalo halizungumzwi sana na ambalo naliona la busara zaidi kwa upande wa msitu: kutoboa mashimo ya ulalo kutoka ndani ya mgodi, kuelekea kwenye makaa yasiyochimbwa bado au kwenye matabaka yaliyo juu ya kifusi, na kuikusanya gesi katika bomba la chini kwa chini hadi sehemu moja ya kutokea. Wachimbaji wa Ulaya wamefanya hivyo tangu miaka ya 1940, kwa kuwa juu ya migodi yao kulikuwa na miji na mashamba, na hakuna aliyeweza kutandaza visima ovyo. Mafanikio yake hutegemea jinsi makaa yanavyopitisha gesi, na si kila mgodi utaweza kuacha visima vya juu kabisa. Lakini hata yakipunguza visima kwa nusu, barabara nazo hupungua, na gesi iliyokusanywa pamoja ni rahisi kuichoma au kuiuza. Kwa maneno mengine, kwa gesi ya visima hii ndiyo njia pekee ambayo msitu na anga havigombani. Katika njia nyingine za gesi hiyo, kila kifaa kinachosaidia anga kinaomba uwanja mpana zaidi msituni.

Na lipo chaguo la kutochimba. Wanamazingira walilidai, nao walikuwa na haki ya kulidai, kwa sababu makaa yenyewe yakichomwa hutoa kaboni dioksidi ambayo hakuna mnara wa kuchomea gesi utakaoifuta. Sheria ya mazingira ya Marekani inataka chaguo hilo lichunguzwe kila mara. Nisingependa kulisema kwa wepesi mbele ya watu wa Somerset. Bonde lilikuwa na migodi mitatu. Elk Creek ukafungwa baada ya moto wa 2013, Bowie ukasimama mwaka 2016, ukabaki West Elk peke yake.

Suala hili lilifikishwa mahakamani kwa hatua, na mfululizo wake ndio ulionifanya niandike. Tarehe 27 Juni 2014 Jaji R. Brooke Jackson alitamka kwamba vibali vya kuongeza eneo la uchimbaji, ambavyo baadaye mwaka huohuo alivibatilisha pamoja na ruhusa ya barabara za makaa, vilikiuka sheria, kwa hoja iliyo wazi: serikali ilikuwa imehesabu faida za kiuchumi za makaa kwa dola, ikawa imehesabu pia gharama za gesi joto katika rasimu, kisha ikaifuta hesabu hiyo ya pili katika tathmini ya mwisho na kudai haiwezekani kufanyika. Idara ya Misitu ikarudi mezani, ikairejesha ruhusa ya barabara za makaa, na mwezi Desemba 2017 ikakubali tena kuongezwa kwa mkataba. Wanamazingira wakashtaki upya wakisema kwamba chaguo la kuchoma methani halikuchunguzwa, na pia kwamba eneo la Pilot Knob, ambalo lingeweza kuondolewa katika ruhusa ile, halikufikiriwa.

Tarehe 2 Machi 2020 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Kumi iliwapa ushindi kuhusu Pilot Knob na kuwanyima kuhusu methani. Ilikubaliana na serikali kwamba katika hatua ya kukodisha ardhi, maelezo ya visima na vifaa bado hayajulikani vya kutosha, hivyo suala la kuchoma lingeweza kusubiri hatua ya kuidhinisha mpango wa mgodi. Kwa mantiki ya kisheria naweza kuikubali hoja hiyo. Tatizo ni kwamba miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa 2019, mahakama ya shirikisho ya wilaya huko Colorado ilikuwa imekuta kwamba ofisi inayoidhinisha mipango ya migodi nayo haikulichunguza chaguo la kuchoma kama ilivyopaswa. Kwenye kukodisha waliambiwa ni mapema mno. Kwenye mpango wa mgodi, ofisi ililiruka. Wakati huo visima viliendelea kupumua.

Mwanzoni mwa Juni 2020, baada ya hukumu ya rufani lakini kabla ya amri rasmi ya kufuta ruhusa kutolewa, tingatinga za kampuni ziliingia Sunset zikafyeka njia. Mamlaka ya jimbo ikaamuru kazi isimame, na mabishano juu ya nini hasa kilikuwa kimebatilishwa yakarudi mahakamani. Siingii katika mabishano hayo. Nataja tukio hilo kwa sababu linaonyesha kwamba katika kupima machaguo haya, muda wenyewe ni chaguo: anayesubiri hukumu hupoteza miti, na anayetangulia hupata barabara.

Ningekuwa mimi ndiye mwenye kutia saini, nisingeanza na swali la kama kuuza gesi kunalipa, maana jibu lake karibu siku zote litakuwa hapana na mjadala utafungwa. Ningeanza na kuchoma kama kima cha chini, ndani ya minara iliyofungwa na iliyoidhinishwa na MSHA, kwa kila kisima chenye methani ya kutosha kuwaka, na gharama zake zihesabiwe kama sehemu ya gharama ya makaa, sawasawa na gharama ya feni. Ningedai mpango wa mashimo ya ulalo kutoka ndani ya mgodi kabla ya kuruhusu mita moja ya barabara mpya, na kampuni ndiyo ibebe mzigo wa kuonyesha kwa vipimo vya tabaka lake mahali ambapo hayafai. Tanuri la hewa ya feni ningeliweka katika sharti la kila shimo jipya la feni linalotakiwa ndani ya msitu, wala si mashimo ya zamani. Mrabaha ningeutoza kwa kila methani inayotoka, iuzwe au isiuzwe, na ningeusamehe kwa ile inayochomwa. Sharti hili la mwisho lina nguvu kuliko mengine yote, nalo linahitaji sheria ya Bunge, si kalamu ya afisa wa msitu.

Hata masharti hayo yote yakiwekwa, suala halifi na mgodi. Kule Redstone, migodi ya Coal Basin, ule uliowaua watu 15 ukiwa mmojawapo, ilifungwa mwaka 1991, na hadi leo methani inavuja kutoka humo na kupanda juu ndani ya Msitu wa Taifa wa White River. Wapo watu kutoka Paonia, bondeni North Fork, waliopendekeza gesi hiyo ikusanywe na kuchomwa, na majirani wa Redstone wamegawanyika, baadhi wakihofia malori, kelele na barabara katika bonde ambalo msitu umeanza kulirudishia miti. Safari hii hakuna mchimbaji wa kulindwa wala makaa ya kuuzwa. Kilichobaki kupimwa ni gesi inayovuja na barabara ya kuifikia, na mwenye kuamua ni Idara ya Misitu ileile.